Somo: Namna ya Kuchagua Multimita ya Kuaminika kwa Kazi ya Elektroniki na Amplifaya

Nilipoanza kushughulika na amplifaya hapa Ngamiani, Tanga, nililetewa moja ya kukodisha maharusini ambayo transista zake za kutoa sauti zilikuwa zimeungua. Nilizibadilisha, kisha nikarekebisha bayasi (mkondo mdogo unaopita kwenye transista hata sauti ikiwa kimya, ili zisikwaruze) mpaka mita yangu ndogo ikaonyesha milivolti 6 juu ya rezista ya emita, yaani iliyofungwa kwenye mguu wa emita wa transista, yenye ohmu 0.22, yaani kama miliampea 27. Baada ya siku mbili mwenyewe aliirudisha akisema kwamba sauti ikiwa juu haina kasoro, lakini ikishushwa wakati wa dua husikika mkwaruzo chini ya maneno ya shehe. Nilikagua transista, daiodi na kapasita, nikapoteza mchana mzima, na chombo pekee ambacho sikukishuku kilikuwa mita yenyewe. Jioni niligusanisha ncha zake mbili kwenye renji (kiwango cha kupimia) ileile ya volti za DC, yaani umeme wa upande mmoja kama wa betri, na badala ya sifuri ikasoma 003. Milivolti 6 zangu zilikuwa 3 tu, na transista zilikuwa zikifanya kazi kwa nusu ya mkondo niliodhani nimezipa.

Ndiyo maana somo hili halianzi na bei wala chapa, bali na vipimo ambavyo amplifaya inavidai.

Hatua ya kwanza: orodhesha vipimo vyako kabla ya kwenda dukani.

Fundi wa amplifaya hupima volti ndogo sana na volti kubwa sana katika bodi moja. Bayasi husomwa kwa milivolti chache. Volti ya DC inayovuja kwenye vituo vya spika inafaa iwe chini ya milivolti 50, na ikifika volti kadhaa basi spika iko hatarini. Kwa upande mwingine, transfoma ya volti 25-0-25 ikishapita kwenye daiodi na kapasita hutoa takriban volti 35 za DC kila upande, kwa hiyo baina ya nyaya mbili za pembeni kuna volti 70. Pawasaplai (sehemu zinazolisha amplifaya umeme) za swichi ni kali zaidi, kwa kuwa umeme wetu wa volti 230 ukinyooshwa kuwa DC hufikia volti 325 kwenye kapasita kubwa.

Kwa hiyo tafuta mita inayoweza kuonyesha sehemu ya kumi ya milivolti kwenye DC. Mita nyingi za bei nafuu zenye renji ya 200m zinaonyesha hivyo, lakini baadhi ya zile ndogo za mfukoni huanzia volti 2, nazo haziwezi kuonyesha kitu kidogo kuliko milivolti moja. Yangu ilikuwa ya aina hiyo. Kwa upande wa ukinzani, hakikisha ipo renji ya ohmu 200 inayoonyesha desimali moja, kwa sababu spika ya ohmu 8 ikiwa nzima husoma baina ya 6 na 7, na rezista za emita ni ndogo kuliko hizo.

Hatua ya pili: fungua mita, usiamini maandishi ya usoni.

Mita za maana huandikwa daraja la usalama, CAT II, CAT III au CAT IV, pamoja na volti zake. CAT II ni ya vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi, CAT III ni ya wiring ya jengo na bodi ya fyuzi, na CAT IV ni ya pale umeme unapoingilia kutoka kwenye nguzo. Kwa meza ya amplifaya CAT II ya volti 600 inatosha, ingawa mimi napendelea CAT III. Tatizo ni kwamba yeyote anaweza kuchapa herufi hizo kwenye plastiki. Mwombe muuzaji akuruhusu kufungua mfuniko wa nyuma, uangalie fyuzi. Fyuzi ya kauri iliyojazwa mchanga, yenye volti 600 au 1000 zilizoandikwa ubavuni, ni dalili kwamba mtengenezaji alifikiria maisha ya fundi. Fyuzi nyembamba ya kioo ya volti 250 katika mita inayojiita CAT III ya volti 1000 inatosha kukufanya uiache. Ukikuta soketi ya ampea 10 haina fyuzi kabisa, ujue kwamba siku utakaposahau waya humo ukaenda kupima volti 230, nyaya za mkononi mwako ndizo zitakazokuwa fyuzi.

Hatua ya tatu: ijaribu mbele ya muuzaji.

Nenda na betri ya volti 9, rezista mbili tatu za asilimia moja, na uvumilivu. Gusanisha ncha kwenye ohmu: 0.2 hadi 0.5 ni kawaida ya nyaya, lakini ukitikisa waya kwenye soketi yake na namba zikaruka, soketi imelegea. Gusanisha kwenye milivolti za DC: isome sifuri. Kwenye kipimo cha mlio, kile cha kujua kama njia imeungana, sauti itoke mara ncha zinapogusana, si baada ya kufikirifikiri.

Kisha fanya jaribio ambalo wauzaji wengi hawalijui. Weka mita kwenye volti za AC, yaani umeme unaogeuka-geuka kama wa ukutani, na upime ile betri ya volti 9. Betri haina AC, kwa hiyo mita nzuri itasoma sifuri au karibu na sifuri. Mita rahisi isiyozuia DC itasoma kama 20 ukiweka nyaya upande mmoja, na sifuri ukizigeuza. Mita ya namna hiyo haiwezi kukuonyesha mrindimo wa AC uliopanda juu ya DC ya pawasaplai, na kwa fundi anayetafuta chanzo cha mvumo, huo ni upungufu mkubwa.

Hatua ya nne: elewa AC ya mita yako.

Maandishi True RMS yana maana: mita hupima thamani halisi ya AC hata wimbi likiwa na umbo jingine. Mita isiyo nayo hupima wastani na kuuzidisha kwa 1.11, hesabu ambayo ni sahihi kwa wimbi laini pekee. Kwenye wimbi la mraba itazidisha kwa kama asilimia 11. Pia soma kijitabu uone masafa yake, kwani mita nyingi zimehakikishwa kuanzia hezi 40 hadi 400 tu. Ukitaka kupima nguvu ya amplifaya, tumia toni iliyo ndani ya masafa hayo na rezista kubwa ya ohmu 8 badala ya spika: ukipata volti 20, zizidishe kwa zenyewe, gawanya kwa 8, utapata wati 50.

Tundu la kupimia transista, kipimajoto na taa ya nyuma ni mapambo mazuri. Visikupandishie bei.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka Pangani: Shikamoo mwalimu. Marehemu baba aliniachia mita ya mshale. Je, niitupe?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usiitupe, ila ujue udhaifu wake. Mita hizo, ambazo mafundi wazee huziita avomita kutokana na AVO ya Uingereza iliyoanza kuuzwa mwaka 1923, mara nyingi huwa na kiloohmu 20 kwa kila volti. Chukua rezista mbili za megaohmu 1 zilizofungwa mfululizo kwenye volti 12. Katikati pana volti 6. Mshale kwenye renji ya volti 10 utakuonyesha kama volti 1.7, kwa sababu mita yenyewe imekuwa njia ya mkondo. Ya dijitali yenye megaohmu 10 itaonyesha 5.7. Hata hivyo, kuangalia kapasita ikijaa, mshale unapopanda na kurudi taratibu, bado hakuna namba zinazonipendeza kama huo. Kumbuka kwamba kwenye ohmu, waya mweusi wa mita nyingi za mshale ndio chanya.

Swali, kutoka Muheza: Fundi, kapasita za pawasaplai zinasoma maikrofaradi sahihi, lakini amplifaya inavuma. Mita inanidanganya?

Jibu: Haikudanganyi, imejibu swali tofauti na lako. Multimita hupima ujazo wa kapasita, haipimi ukinzani wa ndani unaoongezeka kapasita inapokauka. Washa amplifaya kupitia balbu ya zamani ya uzi ya wati 100 iliyofungwa mfululizo, kisha pima AC juu ya kapasita kwa mita iliyofaulu lile jaribio la betri. Upande mmoja ukisoma AC nyingi kuliko mwenzake, anza na kapasita ya upande huo. Kabla ya kuichomoa, imalize chaji kwa rezista, si kwa bisibisi.

Swali, kutoka Raskazone: Mita yangu ilikuwa sahihi, sasa inasoma juu kila kitu. Betri ya gari iliyolala usiku kucha inaonekana volti 14.

Jibu: Badilisha betri ya mita kwanza. Mita nyingi za bei nafuu zikiishiwa betri huongeza namba, hata kabla alama ya betri haijatokea. Ukiifungua, tazama pia mabati ya swichi ya kuzungusha, kwa sababu kwa sisi tunaoishi karibu na bahari chumvi huingia humo na kuacha rangi ya kijani. Yafute kwa spiriti na kitambaa kisicho na nyuzi, usikwaruze kwa wembe, kisha gusanisha ncha tena na uandike namba utakayoiona kwenye karatasi ndogo nyuma ya mita, ili mwezi ujao uwe na cha kulinganishia.