Kukimbia kwenye baridi kali: ogopa jasho kuliko theluji

Ukitoka mlangoni ukajisikia vizuri, ujue umevaa nguo nyingi mno. Mtu aliyekulia Mombasa au Dar es Salaam, ambako nyuzi 20 ni baridi ya kutafutia sweta, hulikataa neno hili akifika hapa Minneapolis, Marekani, na simlaumu. Lakini mwili unaokimbia huzalisha joto jingi, na baada ya dakika kumi hivi utakuwa umeshapata moto. Wakimbiaji wa huku huvaa kana kwamba nje kuna joto la nyuzi 5 hadi 10 zaidi ya kipimo. Simu ikikuambia ni nyuzi 5 chini ya sifuri, vaa kama mtu anayetoka kwenye nyuzi 3 juu ya sifuri. Mwanzoni utatetemeka. Vumilia.

Sababu yake ni jasho. Nguo iliyolowa huondoa joto mwilini haraka kuliko nguo kavu, na ndiyo maana fulana ya pamba, hata ile ya Harambee Stars au Taifa Stars unayoionea fahari, ibaki kabatini. Pamba hunywa jasho na kukaa nalo. Simama dakika moja tu kwenye taa za barabarani na utauhisi mgongo wote ukipoa ghafla. Nguo ya kugusa ngozi iwe polista nyembamba ya michezo au merino, yaani sufu laini ya kondoo wa aina hiyo, tena ikubane. Merino ni ghali, ila inatunza joto hata ikiwa na unyevu, na haianzi kunuka mapema.

Juu yake weka shati la michezo la mikono mirefu, zito kidogo, lenye zipu shingoni. Zipu hiyo usiidharau: ukiona joto limezidi unaifungua hadi kifuani, upepo ukigeuka unaifunga, na hulazimiki kuvua kitu. Ya tatu ni jaketi jepesi la kuzuia upepo. Lile nene la manyoya ulilonunua wiki ya kwanza ni la kusubiria basi. Na ukiwa kwenye nyuzi 0 hadi 5, jua likiwaka na upepo umetulia, hata hilo jaketi jepesi huenda usilihitaji.

Upepo ndio unaobadilisha hesabu. Nyuzi 10 chini ya sifuri, upepo ukivuma kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoa kama iko kwenye nyuzi 20 chini. Kwa hiyo anza kwa kukimbia dhidi ya upepo ukiwa bado mkavu, urudi nao mgongoni. Ukiulekea upepo huku umelowa jasho, utajuta. Mvua ya baridi nayo ni mbaya kuliko theluji kavu. Mwaka 2018 mbio za marathoni za Boston zilikimbiwa kwenye mvua na upepo, joto likiwa nyuzi chache tu juu ya sifuri. Geoffrey Kirui wa Kenya, bingwa mtetezi, aliongoza akapitwa karibu na mwisho na Mjapani Yuki Kawauchi. Upande wa wanawake Desiree Linden alishinda akiwa na jaketi lake mwilini.

Sasa vidole, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu miongozo mingi haikuandikwa kwa ajili yetu. Takwimu za majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha kwamba askari wenye asili ya Afrika hupata majeraha ya baridi mara nyingi zaidi kuliko wenzao weupe. Tena miongozo hiyo hukuambia utazame ngozi inayogeuka nyekundu au nyeupe, dalili zisizoonekana vizuri kwenye ngozi nyeusi. Wewe tazama rangi ya kijivujivu, kama majivu, na ngozi ngumu inayofanana na nta. Kidole kilichokuwa kinauma kikiacha kuuma chenyewe huku bado uko nje, usishukuru: kinakufa ganzi. Rudi ndani. Usikisugue wala usikiweke kwenye moto. Kitie kwenye maji ya uvuguvugu, ya nyuzi 37 hadi 39, na kisiporudi hali yake nenda hospitali.

Kinga ni glavu zile za vidole vinne kukaa chumba kimoja na gumba peke yake. Zina sura ya kitoto, lakini vidole hupashana joto. Kichwani vaa mzula mwembamba; dada anayevaa hijabu ya polista ya michezo ameshayafunika masikio na shingo. Kina kaka, taiti peke yake haitoshi upepo ukiwa mkali: tafuta boksa yenye kinga ya upepo upande wa mbele. Sisemi zaidi.

Jua la Desemba huzama kama saa kumi na nusu jioni, basi vaa reflekta. Kama pesa ni shida, ingia maduka ya mitumba ya huku. Baadhi ya nguo zinazouzwa Gikomba na Karume zilianzia kwenye maduka kama hayo.

Ukifika nyumbani vua zilizolowa kwanza, kunyoosha misuli kutafuata. Usizifue kwa dawa ya kulainisha nguo, maana huziba nyuzi za polista na jasho likakosa pa kupita.