Jirani akitapisha choo mvua ikinyesha: njia niliyopita mimi

Huku kwetu bondeni, Dar es Salaam, masika tunayajua kwa pua. Mvua ikishika kasi saa nane za usiku, kuna mtu anazibua tundu alilotoboa ubavuni mwa shimo lake la choo. Asubuhi watoto wanakwenda shule wakiruka dimbwi lenye rangi ya chai ya maziwa. Mitaa ya Dar ilishaona kipindupindu kilipolipuka Agosti 2015, kwa hiyo mtu asikwambie unakuza mambo.

Mimi nina nyumba ya vyumba vitano, vinne nimepangisha, na kisima uani. Maji ya jirani yalikuwa yanapita pembeni ya kisima hicho.

Anza kwa mwenyewe, hata kama unajua atakachosema. Nilijifunga kanga yangu nikaenda. "Shikamoo baba." "Marahaba, mwanangu." Nikamweleza taratibu. Akanijibu, "Hiyo mvua ya Mungu, mwanangu, inasomba kila kitu." Basi. Lakini safari ile haikupotea, maana swali la kwanza ofisini lilikuwa: mmeongea naye?

Kisha chukua daftari. Andika tarehe, saa, maji yalianzia wapi, yakapita wapi, yakatuama mlangoni kwa nani. Mimi niliandika mvua tatu. Picha piga ukiwa njiani, usichungulie uani kwake. Kuingia na kukagua ni kazi ya afisa afya, Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa uwezo huo. Wewe ukikutwa unachungulia choo cha watu, kesi inageuka inakuwa yako.

Barua ndiyo kazi yenyewe. Wengi wetu tunakwenda kulalamika kwa mdomo, tunasikilizwa vizuri, tunapewa pole, na mlango ukifungwa hakuna kilichobaki mezani. Mjumbe wa nyumba kumi mwambie kwa heshima, ila ujue cheo chake ni cha chama, barua yako inatakiwa iende serikali ya mtaa. Na hapo mwandikie afisa mtendaji wa mtaa, nakala kwa mwenyekiti na kwa afisa afya wa kata. Mwenyekiti tunamchagua, na jirani yangu naye ana kura. Mtendaji ni mwajiriwa. Sisemi zaidi.

Yangu ilikuwa ukurasa mmoja. Juu: YAH: KERO YA MAJI YA CHOO KUTIRIRISHWA NJIANI. Neno "kero" usilikimbie, maafisa wa afya ndilo wanalofanyia kazi. Chini yake zile tarehe tatu, kisha majina na sahihi za nyumba sita. Sahihi nyingi zinakuondolea lawama ya kuonekana mgomvi peke yako. Matusi, uchawi na habari za mpaka wa kiwanja nilivitoa vyote, ingawa vya mpaka vilinikaa rohoni. Na ombi langu halikuwa faini. Niliomba shimo linyonywe na tundu lizibwe. Faini inaingia halmashauri, na mavi yanabaki palepale.

Kwa mtendaji nenda na nakala mbili. Moja waachie, nyingine wagonge muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo. Bila muhuri huo, wiki mbili baadaye utaambiwa barua haijaonekana.

Kama kimya kinazidi, ngoja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi. Bwana afya siku hiyo hakai ofisini, anazunguka mitaani. Mimi nilimkuta kwenye mtaro, nikamwonyesha nakala yenye muhuri, akaja siku hiyohiyo.

Sasa hapa ndipo ninapotaka uwe makini. Bwana afya akija hakagui kwa jirani tu. Kwa yule mzee jirani yangu aliliona tundu, akaandika notisi yenye siku za kutekeleza. Halafu akageuka: "Na mama, choo chako kiko wapi?" Mfuniko wangu ulikuwa na ufa wa kuingia ngumi. Kutoka shimo langu mwenyewe hadi kisimani akahesabu hatua kumi na moja, wakati inatakiwa angalau mita 30. Nami nikaandikiwa notisi. Mzee alikuwa kasimama mlangoni kwake anatazama, hakusema neno, na afadhali angesema. Kwa hiyo kabla ya kupeleka barua, zunguka nyumba yako kwanza.

Ukitakiwa kulipa chochote, lipa kwa kontroo namba na udai risiti. Anayetaka mkononi, mwambie huna.

Wakati mnasubiri, maji ya kisima msinywe wala kuoshea kachumbari. Ya kunywa yachemke mpaka yatokote sawasawa, au mtumie dawa ya maji. Dimbwi tulimwagia chokaa. Na mtu akianza kuhara majimaji kama maji ya mchele, mkimbizeni kituo cha afya saa hiyohiyo, huku mkimpa maji ya ORS, ile dawa ya pakiti ya kuongezea maji mwilini, na bwana afya aambiwe.

Kunyonya ndiko kulikotuchosha. Gari la majitaka halipiti kwenye kichochoro chetu, na vyura, wale vijana wanaoingia shimoni kwa ndoo, bwana afya aliwakataza kabisa. Tukapata wenye pampu ya mkono, wanajaza mapipa na kuyatoa kwa guta mpaka barabarani, yakapelekwa kumwagwa mabwawa ya Vingunguti. Nauli ni ileile kwa shimo moja au mawili, kwa hiyo mimi na mzee tuligawana. Alileta hela yake mwenyewe, imekunjwa ndani ya ile notisi.

Kisima nimekifunika. Maji yake sasa ni ya kudekia tu.