Kuandika wasifu wa mzee kwa ajili ya Misa ya mazishi

Wasifu wa marehemu mara nyingi huandikwa usiku wa kuamkia mazishi, na mtu mmoja aliyechoka, kwa kukumbukakumbuka. Matokeo yake, mzee aliyelitumikia Kanisa maisha yake yote husomewa mistari mitano ambayo angesomewa yeyote. Siku ya kwanza ya msiba teueni wawili: mmoja akusanye tarehe, mwingine aandike.

Tarehe zianzie parokia alikobatizwa, hata kama anazikwa kwingine. Kitabu cha ubatizo hubaki kule kule, na pembeni ya jina lake hupaswa kuandikwa kipaimara na ndoa, kwa hiyo ukurasa mmoja unaweza kuwapa nusu ya kazi. Kama ni Bukumbi karibu na Mwanza, au Kagunguli kule Ukerewe, mtumeni ndugu aliye karibu badala ya kutegemea simu peke yake. Aende na jina la ubatizo, jina la baba na la mama, na majina yote ambayo mzee aliwahi kuitwa. Wengi hukwama hapa: wanatafuta jina la kwenye kitambulisho, wakati kitabuni aliandikwa kwa jina la Kisukuma alilopewa utotoni.

Aliyepitia ukatekumeni (mafundisho ya kabla ya ubatizo) akiwa mtu mzima, tarehe yake ya ubatizo haisemi lolote kuhusu kuzaliwa. Tarehe ya kwenye kitambulisho nayo yaweza kuwa ya makadirio. Basi andikeni mwaka tu, "mnamo 1938", baada ya kuwauliza wazee wa rika lake: Uhuru wa 1961 ulimkuta ameoa? Ziwa lilipofurika mwanzoni mwa miaka ya sitini, alikuwa na mtoto?

Sehemu ya imani ndiyo inayostahili nafasi kubwa, na ndiyo hupewa maneno matupu. "Alikuwa mcha Mungu" haimwonyeshi mtu. Waulizeni katekista na mwenyekiti wa jumuiya ya waumini alikuwa na wajibu gani, kigango kipi (kituo cha sala chini ya parokia), tangu lini mpaka lini. Papa Yohane Paulo II alipofika Mwanza Septemba 1990, mzee alikuwa wapi? Kisha chagueni jambo moja analokumbukwa nalo, kwa mfano: "Ijumaa za Kwaresima aliongoza Njia ya Msalaba, na mbeba msalaba akichelewa, aliubeba yeye." Sentensi hiyo moja inamrudisha mzee mbele ya watu.

Watoto waandikwe kwa mpangilio wa kuzaliwa, waliotangulia mbele ya haki wakiwemo. Waliozaliwa nje ya ndoa wasiachwe; kikao cha familia kiamue namna ya kuwataja kabla karatasi haijachapwa, maana ugomvi wa kaburini huanzia hapo. Wajukuu na vitukuu watajwe kwa idadi. Kila mtoto aandike hesabu ya nyumba yake, la sivyo vitukuu watahesabiwa kama wajukuu.

Ugonjwa upewe sentensi mbili, bila majibu ya vipimo. Tajeni kama alipokea Mpako wa Wagonjwa. Waumini hufarijika kusikia. Mali na madeni yabaki kwenye kikao cha familia.

Wasifu usizidi ukurasa mmoja na nusu kwa herufi kubwa, yaani kama dakika tano za kusoma taratibu. Mahubiri ya padre si mahali pake: zipo parokia zinazotaka usomwe kabla ya Misa, nyingine baada ya sala ya baada ya Komunyo, kabla ya buriani ya mwisho. Muulizeni paroko mapema.

Msomaji asiwe mtoto anayelia sana. Mjukuu au mpwa mwenye sauti anafaa, na asome kwa sauti mara mbili nyumbani ili majina yasimkwamishe. Chapeni nakala nne: ya msomaji, ya padre, ya mshereheshaji na ya faili la familia. Ya msomaji iwekwe kwenye jalada gumu, kwani ukisomwa kaburini, makaburi mengi ya kandokando ya ziwa yana upepo mkali mchana.