ImageJ: kuchagua maeneo ya picha kwa kipanya na kibodi

Katika ImageJ, programu ya kuchambua na kupima picha, pamoja na Fiji ambayo ni ImageJ ileile iliyofungashwa na programu-jalizi nyingi, karibu kila kipimo hutegemea eneo ulilolizungushia mpaka. Ukibonyeza M bila kuchagua eneo, programu hailalamiki. Inapima picha nzima na kuandika namba kwenye jedwali kana kwamba ndicho ulichotaka. Kabla ya M, hakikisha mpaka wa njano unaonekana.

Kwa mipangilio ya kawaida, njia za mkato za ImageJ hazihitaji Ctrl. Herufi moja inatosha, na herufi hiyohiyo ikiambatana na Shift hufanya kazi nyingine kabisa. T huingiza eneo kwenye ROI Manager, yaani orodha ya kuhifadhia maeneo, ilhali Shift+T hufungua dirisha la kizingiti, yaani kiwango cha mwangaza kinachotenganisha kitu na usuli. Ukizichanganya hizo hakuna kinachoharibika. Ya kuogopa ni D. Shift+D hutoa nakala ya picha, lakini D peke yake huchora mpaka ndani ya pikseli zenyewe, na vipimo vya baadaye vitausoma mstari huo kama sehemu ya sampuli. F hujaza eneo rangi, X hulikata, Backspace hulifuta kwa rangi ya usuli. Ctrl+Z hurudi hatua moja tu, na kwenye rundo la picha (stack) usiitegemee. R husoma upya faili iliyo kwenye diski. Ikiwa vidole vyako huteleza, ingia Edit > Options > Misc na uweke alama kwenye chaguo linalodai Ctrl kwa njia za mkato. Vyovyote iwavyo, fanyia kazi nakala.

Nakala nayo ina mtego wake. Shift+D ikibonyezwa wakati kuna eneo lililochaguliwa, nakala hubeba mstatili unaolizunguka eneo hilo tu, kwa hiyo viwianishi vyake havitalingana tena na vya picha asili. Bonyeza Shift+A kwanza ili kuondoa uchaguzi, kisha Shift+D.

Kuchora mpaka

Unapoburuta mstatili au duaradufu, Shift hulifanya umbo liwe mraba au duara kamili, Ctrl huzuia kitovu kisihame, na Alt hutunza uwiano wa pande. Lakini ikiwa picha tayari ina eneo lililochaguliwa na ukashikilia Shift kabla ya kubofya, eneo jipya litaungana na la zamani. Alt nayo italipunguza la zamani. Wengi hudhani programu ina hitilafu, kumbe ni suala la kipi kimetangulia, kitufe au kipanya. Kwenye baadhi ya mazingira ya Linux, Alt pamoja na kuburuta husogeza dirisha zima, kwa sababu mfumo huichukua amri hiyo kabla haijaifikia ImageJ. Badilisha kitufe hicho kwenye mipangilio ya madirisha ya mfumo.

Vishale vya kibodi husogeza eneo pikseli moja moja. Alt pamoja na kishale hubadilisha ukubwa wa mstatili au duaradufu kwa kipimo hichohicho. Ukihitaji upana na urefu kamili, usihangaike kuburuta: Edit > Selection > Specify hukuruhusu kuandika namba.

Kwa poligoni, bofya kila kona na ufunge kwa kubofya mara mbili. Kona iliyokaa vibaya huburutwa. Shift na kubofya juu ya kona huongeza nyingine, Alt na kubofya huiondoa. Uchoraji huru wa mkono ni wa mwisho kuutegemea, kwani mtu mmoja akichora kitu kilekile mara mbili hupata mipaka miwili.

Wand, zana inayochora mpaka yenyewe kuzunguka pikseli zinazofanana unapobofya, ndiyo isiyotumiwa inavyostahili. Bofya ikoni yake mara mbili uweke kiwango cha kustahimili tofauti za mwanga. Kwenye picha yenye chembechembe nyingi, mpaka utatoka umeparara na kujaa meno, kwa sababu pikseli jirani hazifanani hata ndani ya kitu kimoja. Njia inayofaa ni hii:

1. Shift+A, kisha Shift+D.
2. Kwenye nakala, tumia Process > Filters > Gaussian Blur. Sigma (kiasi cha kulainisha) ya 1 au 2 mara nyingi inatosha.
3. Shift+T, rekebisha kizingiti mpaka kitu kifunikwe vizuri. Usibonyeze Apply.
4. Bofya kitu kwa Wand. Mpaka utafuata ukingo wa kizingiti.
5. Bofya dirisha la picha asili, bonyeza Shift+E, kisha M.

Shift+E hurejesha eneo la mwisho, hata kutoka dirisha jingine. Hivyo mpaka unatoka kwenye picha iliyolainishwa, namba zinatoka kwenye picha isiyoguswa. Shift+E pia ndiyo dawa ya kubofya nje ya eneo kwa bahati mbaya na kulipoteza.

Ikiwa ukubwa wa eneo unaoneshwa ni mdogo kuliko unavyouona kwa macho, fungua Analyze > Set Measurements na uangalie kama Limit to threshold ina alama. Chaguo hilo hubaki hata ulipokwisha kulisahau, na hupima zile pikseli tu zilizo ndani ya kizingiti.

Kuhifadhi mipaka

Bonyeza T kila unapomaliza eneo. Kwa usuli, usichore upya: shika eneo lilelile kwa ndani, liburute hadi sehemu tupu, bonyeza T tena, na utakuwa na maeneo mawili ya ukubwa sawa. Ukihariri eneo lililomo kwenye orodha, bofya Update, la sivyo orodha itabaki na umbo la zamani.

Jedwali la vipimo bila mipaka yake halithibitiki. Kwenye ROI Manager, nenda More > Save bila kuteua chochote kwenye orodha; maeneo yote yatawekwa katika faili moja ya zip. Ipe jina la picha yenyewe, maana faili hiyo haibebi picha, ina viwianishi vya pikseli tu. Picha ikikatwa au kubadilishwa ukubwa baadaye, mipaka itaangukia pasipo pake.