Kompyuta mpya ya BOINC: pima umeme unaoliwa na kila kazi

Mtu akishanunua kompyuta mpya ya kuchangia miradi ya sayansi kupitia BOINC, programu inayoipa miradi hiyo nguvu ya kompyuta yako, swali la kwanza huwa kasi: inamaliza kazi ngapi, yaani mafungu ya hesabu yanayotumwa na mradi, kwa siku? Swali hilo peke yake halitoshi. Mashine hizi hukesha. Inayovuta wati 100 bila kupumzika hutumia kilowati-saa 2.4 kwa siku, sawa na 876 kwa mwaka. Ndiyo maana mimi hutafuta namba moja tu: kazi moja iliyokamilika imekula wati-saa ngapi. Ukiipata, unaweza kuishusha, na mara nyingi hushuka sana bila kasi kuumia kwa kiwango hichohicho.

Utahitaji kipima umeme kidogo kinachochomekwa kati ya soketi na waya wa kompyuta. Programu zinazosoma vihisi vya ndani zinasaidia, lakini hukuonyesha prosesa au kadi ya michoro pekee. Umeme unaopotea kwenye pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), na ule unaoliwa na feni, memori na ubao mama, hauonekani humo, na wewe unaulipia.

Hatua ya 1: Pima kompyuta ikiwa imetulia

Iwashe, usifungue programu yoyote, subiri mambo ya mwanzo yatulie, kisha andika wati inazovuta. Namba hii ina maana mbili kutegemea matumizi yako. Kama kompyuta ingekuwa imewashwa hata hivyo kwa shughuli zako, BOINC inastahili kubebeshwa nyongeza tu, kwa hiyo utaitoa. Kama umeiwasha kwa ajili ya miradi tu, usiitoe. Hesabu nitakazoonyesha hapa hazijaitoa.

Hatua ya 2: Mradi mmoja, aina moja ya kazi

Kazi hazifanani. Zile za PrimeGrid, mradi wa kutafuta namba tasa, zinazotegemea AVX (maelekezo ya prosesa ya kukokotoa namba nyingi kwa mpigo) huichosha prosesa na kuivutisha umeme mwingi kuliko kazi nyingi za kawaida. Ukichanganya miradi wakati wa kupima, hutajua kilichobadilika ni mipangilio au ni kazi yenyewe. Chagua mradi unaokusudia kuuchangia kweli, na kama una aina kadhaa za kazi, ruhusu moja tu kwa sasa.

Hatua ya 3: Iache ipate joto

Prosesa nyingi za kisasa huruhusiwa kuvuka kikomo chao cha umeme kwa muda mfupi mzigo unapoanza, kisha hurudi chini. Ukipima dakika ya kwanza unapima mbio za kuanzia. Subiri nusu saa hivi, hadi feni na joto vitulie, ndipo usome wati.

Muda wa kazi uchukue kwenye kazi zilizokamilika: saa zilizopita tangu ianze hadi imalizike, wastani wa kazi kadhaa. Usihukumu kwa wastani wa pointi unazopewa kwa kazi, unaoonekana kwenye akaunti. Katika BOINC wastani huo hupunguza uzito wa pointi za zamani kwa nusu kila wiki, kwa hiyo kompyuta mpya huchukua wiki nyingi kabla haujafikia hali yake halisi. Vilevile pointi za mradi mmoja hazilingani na za mwingine.

Hatua ya 4: Piga hesabu, kisha badilisha idadi ya kazi

Tuseme prosesa ina kori 8 (sehemu zake za kukokotoa) na thredi 16, yaani kila kori inaweza kubeba kazi mbili kwa pamoja. Ukiendesha kazi 8 kwa pamoja, kila moja ikichukua saa 2, unapata kazi 4 kwa saa. Soketi ikionyesha wati 130, kila kazi imekula wati-saa 32.5.

Sasa endesha kazi 16. Kila moja itachelewa, tuseme saa 3.2, lakini kwa pamoja ni kazi 5 kwa saa. Kwa wati 150, kila kazi imekula wati-saa 30. Kazi mojamoja imezorota, mashine nzima imefanya vizuri zaidi. Haiwi hivyo daima: kazi zinazohitaji kashe (memori ndogo iliyo ndani ya prosesa) au memori kubwa zinaweza kugombania nafasi hadi jumla ikashuka. Ndiyo sababu ya kupima yote mawili.

Idadi hii ibadilishe kwa kupunguza asilimia ya prosesa zinazotumika. Asilimia ya muda wa prosesa iache kwenye 100. Mpangilio huo wa pili huzisimamisha kazi na kuziamsha tena kila mara, joto linapanda na kushuka, na kipima umeme hakisomeki.

Hatua ya 5: Shusha kikomo cha umeme

Hapa ndipo penye faida kubwa, na ningeomba usiparuke. Umeme unaoliwa na prosesa huongezeka pamoja na kasi yake, na tena kwa mraba wa volteji. Asilimia chache za mwisho za kasi hudai volteji kubwa, kwa hiyo ndizo ghali kuliko zote. Ingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapoanza kuwaka, utafute kikomo cha umeme cha prosesa. Kwa AMD Ryzen nyingi kuna Eco Mode inayokishusha mara moja.

Tuendelee na mfano wetu. Kikomo kikishushwa hadi soketi isome wati 105, kazi 16 huenda zikachukua saa 3.6 kila moja: kazi 4.4 kwa saa, wati-saa 24 kwa kazi. Umepoteza sehemu ndogo ya kasi na kuokoa moja ya tano ya umeme wa kila kazi. Lakini ukizidi kushusha hadi wati 70 na kupata kazi 2.5 tu kwa saa, gharama inarudi kwenye wati-saa 28, kwa kuwa ule umeme wa kutulia wa hatua ya 1 sasa unagawanywa kwa kazi chache. Shuka kidogo kidogo hadi uone namba inaanza kupanda, kisha rudi hatua moja.

Kadi ya michoro ifanyie vivyo hivyo. Kwa NVIDIA, amri `nvidia-smi -pl 200`, ikiendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi, huweka kikomo cha wati 200, mradi kadi yako inakubali kiwango hicho.

Hatua ya 6: Hakikisha majibu bado ni sahihi

Kushusha kikomo cha umeme ni salama, maana mashine hujipunguzia kasi yenyewe. Kushusha volteji kwa mkono ni jambo jingine: kompyuta inaweza kuonekana nzima huku ikikosea hesabu. Miradi mingi huipeleka kazi ileile kwa kompyuta mbili na kulinganisha majibu. Jibu bovu linateketeza umeme wako na kulazimisha mtu wa tatu airudie kazi. Fungua orodha ya kazi zako baada ya siku chache. Zikitokea zilizokataliwa ambazo hazikuwepo mwanzo, rudisha volteji mara moja.

Kikomo cha `nvidia-smi` hufutika kompyuta ikizimwa, kwa hiyo kiweke kwenye amri zinazojiendesha wakati wa kuwaka. BIOS nayo ikisasishwa, mara nyingi mipangilio hurudi ya kiwandani: ingia uikague kabla ya kuruhusu kazi mpya.