Kagua jarida kabla ya kutuma makala: mwongozo kwa wahadhiri wenzangu

Msimu wa kupanda vyeo ukikaribia, barua pepe zetu hujaa mialiko ya majarida ya kitapeli. Mhadhiri msaidizi ambaye hata uzamivu hajamaliza anaitwa "Profesa Mashuhuri", makala yake ya mbegu za mahindi inasifiwa, kisha anaombwa aandikie jarida la meno. Hao wa meno hawanisumbui, wanajianika wenyewe. Wa kuogopa ni wale wenye tovuti safi na jina la heshima. Ukaguzi ufanye makala ikiwa bado mikononi mwako.

Hatua ya 1: Litafute jarida kwa njia yako

Usibonyeze kiungo kilichomo kwenye barua. Wapo matapeli wanaochukua jina na ISSN (namba ya utambulisho) ya jarida halali, wakajenga tovuti inayofanana nayo na kukusanya ada. Ingia portal.issn.org, andika namba, ulinganishe jina, nchi na mchapishaji na vile ulivyoandikiwa. Visipolingana, ishia hapo.

Namba ya kubuni unaweza kuinasa kwa kalamu tu. Chukua jarida la Swahili Forum la Leipzig, Ujerumani, ISSN 1614-2373. Tarakimu saba za mwanzo zizidishe kwa 8, 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mfuatano, ujumlishe: 8+42+6+20+8+9+14 = 107. Gawanya kwa 11, inabaki 8. Kumi na moja toa 8 ni 3, na ndiyo tarakimu ya mwisho. (Jibu likiwa 10 huandikwa X; kisipobaki kitu huandikwa 0.) Hata hivyo ISSN ni kama namba ya gari: inalitambulisha gari, haisemi lolote kuhusu breki.

Hatua ya 2: Nembo zihakiki zinakotoka

Kubandika nembo ya Scopus (hifadhidata ya majarida ya kitaaluma) au DOAJ (orodha ya majarida yanayosomwa bure) kwenye tovuti ni kazi ya dakika moja. Nenda Scopus kwenyewe, na usiishie kuona jina: tazama miaka, kwa sababu kuna majarida yaliyoondolewa ambayo bado yanajitangaza kwa nembo ileile. Majarida yetu ya Afrika mengi yapo AJOL, maktaba ya mtandaoni ya majarida ya Afrika, na huko utakuta nyota za mfumo wa JPPS zinazopima uendeshaji wa jarida. Ile orodha ya majarida yanayoshukiwa ulaghai, ya mkutubi wa Marekani Jeffrey Beall, inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, mwenyewe aliiondoa mtandaoni Januari 2017. Nakala zilizobaki zisikupe uhakika.

Uliza pia kamati ya vyeo ya chuo chako inatambua nini. Jarida halali lisilotambuliwa na kamati halitakupandisha.

Hatua ya 3: Waandikie wajumbe wa bodi

Hatua hii wengi huiruka kwa aibu, nami naiona bora kuliko zote. Chagua wajumbe wawili, tafuta anwani zao kwenye kurasa za vyuo vyao, si kwenye tovuti ya jarida. Andika kwa ufupi:

"Habari za kazi, Daktari. Nimeona jina lako kwenye bodi ya jarida hili, nami natarajia kuwatumia makala. Je, bado unahudumu? Na ungemshauri mwanafunzi wako wa uzamivu achapishe humo?"

Swali la pili ndilo lenye kazi. Mtu anaweza kukubali kwamba jina lake limo, lakini akisita kumpeleka mwanafunzi wake, umeshajibiwa. Na wapo watakaoshtuka kusikia kwamba wamo kwenye bodi.

Hatua ya 4: Soma makala tatu za fani yako

Usisome ikisiri pekee. Tazama tarehe za kupokelewa na kukubaliwa: zikipishana kwa siku nne, na karibu kila makala iko hivyo, hakuna aliyeipitia. Tazama kama njia za utafiti zinaeleweka na kama marejeo yapo kweli.

Mwaka 2013 mwandishi John Bohannon alieleza katika jarida la Science jinsi alivyotuma makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani kwa majarida 304. Makosa yake yalikuwa wazi kwa mpitiaji yeyote makini, lakini 157 yaliikubali. Watafiti waliotajwa kuwa waandishi wa makala hiyo walikuwa wa kubuni, na mmoja alidaiwa kutoka taasisi isiyokuwepo mjini Asmara. Kumbe hata jina la chuo halikutafutwa.

Hatua ya 5: Ada uijue mapema

Ada yenyewe si dalili ya ulaghai. Kuificha ndiyo dalili. Mwaka 2019 mahakama ya Marekani iliiamuru OMICS, kampuni ya uchapishaji ya India, ilipe zaidi ya dola milioni 50, na kati ya malalamiko ni kwamba waandishi waliambiwa ada baada ya kukubaliwa, na wakitaka kujitoa walizuiwa. Omba kiasi kwa maandishi. Baadhi ya wachapishaji wakubwa husamehe au kupunguza ada kwa waandishi wa nchi zenye kipato kidogo, lakini omba wakati wa kutuma. Ukingoja ankara ifike umechelewa.

Ukiwa umeshatuma

Usilipe, na usitie saini fomu ya hakimiliki. Andika barua ya kuondoa makala, weka tarehe, nakili waandishi wenza wote na uhifadhi kila jibu. Usiipeleke kwingine kabla ya kupata uthibitisho, usije ukashtakiwa kuchapisha mara mbili. Wakikaa kimya au wakidai faini ya kujitoa, mweleze mhariri wa jarida jipya tangu mwanzo na umwambatishie barua hizo.