Kopo la unga wa dang'a: namna ya kuamua kabla hujamnunulia mtoto

"Shikamoo shangazi. Hili linafaa? Wanauza elfu tisini na tano."

Chini ya ujumbe huo binti wa kaka yangu aliweka picha ya kopo la unga wa dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyetoka kuzaa: ng'ombe mweupe na mweusi, mtoto anayecheka, na maneno makubwa kwamba huongeza kinga. Mwanawe ana miaka miwili na nusu. Alianza kwenda kwa mlezi wa mchana Januari, na tangu hapo mafua hayamwachi. Akipona Jumatano, Jumatatu ijayo anakohoa tena. Aliyemwonyesha kopo hilo ni jirani yake hapo Mbagala, naye aliapa kwamba wanawe hawajaugua tangu waanze kulitumia.

Niliwahi kuwa muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto kwa miaka 31, na sasa nimestaafu niko Machame na ng'ombe wangu wawili. Kwa hiyo dang'a naijua kwa pande zote mbili, ya zizini na ya wodini. Niliyomweleza siku hiyo nayaandika hapa kwa sababu swali lake nimeulizwa na wengi.

Anza kwa kuelewa dang'a inafanya nini kwa mwenyewe, yaani ndama. Ukimkamua ng'ombe aliyezaa usiku, kinachotoka hakimiminiki kama maziwa. Ni kizito, cha njano iliyokolea, kinanata vidoleni. Ndani yake zimejaa kingamwili, yaani protini zinazopambana na vijidudu vya magonjwa, kwa sababu kondo la nyuma la ng'ombe halipitishi kingamwili kwenda kwa ndama tumboni. Ndama huzaliwa hana ulinzi wa mama yake kwenye damu. Kwa muda wa takriban siku moja utumbo wake huwa wazi, kingamwili za dang'a hupita nzima nzima hadi kwenye damu, kisha mlango ule hufungwa. Ndama wa kilo 30 nampa lita tatu katika saa chache za kwanza, tena namshikia chupa mwenyewe. Mwaka mmoja nilikuwa zamu ya usiku, ndama akazaliwa saa mbili, akanyonya kesho yake jioni. Alianza kuhara siku ya sita, siku ya tisa tukamfukia nyuma ya migomba. Sijasahau, na ndiyo maana sitamdharau mtu anayesema dang'a ina nguvu. Inayo.

Lakini mtoto wa binadamu hakuumbwa hivyo. Kondo la mama linapitisha kingamwili, hasa miezi ya mwisho ya ujauzito, kwa hiyo mtoto anazaliwa nazo tayari kwenye damu. Maziwa ya njano ya mama, ambayo bibi zetu wengine waliyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu, yana kingamwili za aina nyingine, zinazotandaza ulinzi juu ya utumbo wa mtoto. Hayo ndiyo dang'a yake. Yanatakiwa yaanze kuingia ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, na hakuna kopo linaloyafikia.

Sasa mtoto wa miaka miwili na nusu akimeza kingamwili za ng'ombe, tumbo lake linazichukulia kama protini nyingine yoyote. Nyingi zinameng'enywa. Chache zinafika utumboni zikiwa nzima, zinafanya kazi hapo juu ya ukuta wa utumbo, kisha zinatoka na choo. Hazipiti kwenda kwenye damu kama kwa ndama. Hazimfundishi mwili wake kutengeneza kingamwili zake mwenyewe, kazi ambayo chanjo inaifanya.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza mbele ya kopo ni: nataka kuzuia ugonjwa gani? Ukisema kuhara, kuna kitu cha kuzungumza. Mwaka 1989 huko Adelaide, Australia, watafiti walichanja ng'ombe dhidi ya virusi vya rota vya binadamu, vinavyoharisha watoto, wakachukua dang'a yao, wakawapa watoto waliolazwa hospitalini. Kati ya watoto 55 walioinywa hakuna aliyeambukizwa rota siku za matibabu. Kati ya 65 wasioipata, tisa waliambukizwa. Bangladesh nao, mwaka 1998, waliwapa watoto wenye kuhara kwa rota dang'a ya ng'ombe waliochanjwa, na kuhara kukapungua. Lakini hapo hapo Bangladesh walipojaribu kwa kuhara kunakoletwa na bakteria wa E. koli, haikuleta nafuu ya maana.

Angalia vizuri jambo moja katika majaribio hayo: ng'ombe walichanjwa kwa makusudi. Ng'ombe hutengeneza kingamwili za magonjwa aliyokutana nayo yeye. Dang'a ya ng'ombe wa kawaida imejaa kingamwili za vijidudu vya zizini, si lazima za vijidudu vya darasa la mtoto wako. Kama kopo halisemi ng'ombe wake walichanjwa dhidi ya nini, matokeo ya Adelaide si ya kopo hilo.

Na rota yenyewe ina chanjo ya matone, inatolewa bure kwenye kliniki zetu Tanzania tangu mwanzoni mwa 2013.

Malawi walijaribu njia tofauti. Watoto wa miezi tisa walipewa unga wa dang'a uliochanganywa na yai, wenzao wakapewa unga wa mahindi na soya. Walichokilenga kwanza, yaani utumbo uliochoka kwa mazingira machafu upone, hakikuonekana. Kudumaa kulipungua kwa waliopata dang'a na yai. Nilipolisikia hilo nilifurahi, lakini kama muuguzi najiuliza: ilikuwa dang'a, au lilikuwa yai? Yai tunalo.

Ukisema unataka kuzuia mafua na kikohozi, hapo binti yangu nakwambia weka pochi yako chini. Wapo waliowapa watoto unga huu wakasema mafua yalipungua, lakini katika baadhi ya majaribio hayo watoto wote walipewa, hapakuwa na kundi la kulinganisha. Na bila kulinganisha utadanganyika kwa urahisi sana. Mtoto mdogo hupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka, na mwaka wa kwanza wa kukaa na wenzake yanaweza kuzidi. Mama huanza kutafuta dawa mwezi mbaya kuliko yote. Miezi miwili baadaye msimu umepita, mtoto amekwishazoea vijidudu vya wenzake, na sifa zote zinakwenda kwa kopo. Jirani wa Mbagala hakusema uongo. Alisema alichokiona.

Swali la pili: kopo lina nini hasa? Ligeuze, usisome mbele, soma nyuma. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi. Nilimwambia binti anipigie picha ya nyuma. Cha kwanza kilikuwa unga wa maziwa, cha pili sukari, dang'a ikawa ya tatu, na kipimo cha siku kilikuwa na miligramu 200 za unga wa dang'a. Majaribio niliyoyataja yalitumia dang'a kwa gramu au kwa mililita nyingi kila siku. Tafuta pia asilimia ya kingamwili, mara nyingi huandikwa IgG. Kama haipo, hujui unanunua nini. Tafuta umri ulioandikwa, tarehe ya kuisha, na alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambao ndio wanaosimamia usalama wa chakula tangu 2019. Alama hiyo inahusu ubora na usalama, haina maana kwamba kilichomo kinatibu. Muuzaji akikuonyesha alama kama ushahidi wa uponyaji, mwelekeze hivyo kwa upole.

Kuna watoto ambao kwao jibu ni hapana, hata kopo liwe zuri namna gani. Chini ya miezi sita ni ziwa la mama peke yake. Chini ya mwaka mmoja usimpe kwa kuamua mwenyewe. Mtoto mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe, anayetoka vipele, kuvimba midomo au choo chenye damu akinywa maziwa, asiguse kabisa, kwani dang'a ni maziwa yenye protini nyingi zaidi. Aliyezaliwa njiti, mwenye utapiamlo mkali au anayeishi na VVU, daktari wake aulizwe kwanza.

Na wenzangu wafugaji, msimpe mtoto dang'a mbichi. Bruselosi na kifua kikuu cha ng'ombe hupita kwenye maziwa mabichi, na ng'ombe aliyewekewa antibaiotiki kwenye chuchu alipokaushwa anaweza kuwa na mabaki yake katika dang'a. Ukiichemsha, utaona mwenyewe: kabla haijachemka vizuri inaanza kushikana pembeni mwa sufuria, kisha yote inakuwa mabonge kama mayai ya kukaanga. Ni chakula kitamu, kwetu tumekula. Ila kule kuganda ni kingamwili na protini nyingine zinaharibika kwa moto, kwa hiyo umepata chakula, ulinzi haupo tena.

Kosa hilo hilo nimewaona akina mama wakilifanya na unga wa elfu tisini: wanaumimina kwenye uji unaotoa mvuke. Kama umeamua kumpa mtoto aliyezidi mwaka mmoja, tumia maji safi yaliyochemshwa yakapoa hadi vuguvugu, koroga, anywe mara moja. Siku tatu za kwanza mpe robo ya kipimo ukimtazama ngozi, midomo na choo. Likitokea lolote, acha. Andika kwenye karatasi ya ukutani tarehe uliyoanza na kila siku aliyougua, maana kichwa kinasahau na pesa iliyotumika inataka kuona faida. Kopo likiisha, soma karatasi kabla ya kununua la pili. Na akihara, unga huu hauchukui nafasi ya ORS, ile chumvichumvi ya kuchanganya na maji, na vidonge vya zinki. Zinki miligramu 20 kwa siku kwa aliyezidi miezi sita, 10 kwa aliye chini yake, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu.

Baada ya picha ya nyuma ya kopo niliomba picha ya kadi ya kliniki. Hapo ndipo nilipoumia moyo. Sanduku la miezi 18, dozi ya pili ya surua na rubela, lilikuwa tupu. Walikuwa wamehama nyumba mwezi ule, kliniki ikasahaulika. Matone ya vitamini A, yanayotolewa Juni na Desemba hadi mtoto afikishe miaka mitano, alikuwa amekosa mara mbili. Haya yote ni bure na yamethibitishwa, na mtoto aliyechelewa bado anapokelewa. Nilimwambia aende kwanza huko, kesho asubuhi, asiogope kugombezwa. Akigombezwa avumilie, sindano ichomwe. Elfu tisini na tano kwa bei ya duka la mtaani kwake ni trei tisa za mayai. Yai moja kila siku, dagaa waliosagwa kwenye uji, sabuni karibu na bomba, na mlezi anayefungua madirisha.

Mafua ya kawaida atayapata hivyo hivyo, kwa hiyo jifunze kuyatofautisha na nimonia. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua, weka saa ya simu inayohesabu sekunde, uhesabu tumbo linavyopanda kwa dakika moja nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya mwaka, pumzi 50 au zaidi ni nyingi. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Ukifika hapo, au kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, au hawezi kunywa, anatapika kila kitu, amelegea au amepata degedege, nenda kituo cha afya usiku huo huo. Chukua kadi ya kliniki, na kama kuna kopo chukua nalo, mwonyeshe mtabibu umempa nini na kwa siku ngapi.